Vijiti vya Awadhi

Awadhi Lukumani alirudi kutoka Burma mwaka 1946 akiwa na viungo vyake vyote, sikio moja lisilosikia vizuri, na ujuzi ambao kijijini kwao hakuna aliyeuhitaji. Vitani alikuwa kwenye mizinga. Alijua kombora linavyopakiwa na linavyoruka, na alijua pia kwamba si kila kombora linaloanguka hulipuka. Mengine hujichimbia ardhini yakanyamaza. Mvua ikiyafukua miaka mitano baadaye, yako vilevile.

Ujuzi huo ulipata kazi mapema kuliko alivyodhani. Yeye alipokuwa ng'ambo, wanajeshi walikuja kwenye bonde la Namtutwe, nusu siku kwa miguu ukitoka Nachingwea kuelekea Ruangwa. Walipanda mawe meupe ya mpaka, wakafyatua mizinga yao ya mazoezi kwa viangazi viwili, kisha wakaondoka. Waliacha mawe yao na kibao chenye maandishi ya Kiingereza. Hakuna mtu kijijini aliyeweza kukisoma, na hata angekisoma asingekitii. Namtutwe ndiko wanaume walikotega paa tangu enzi za babu zao, na ndiko wanawake walikovua kambale kwa migono, mitego ya kusuka, maji yanapopungua. Nani angekubali kuzuiwa na jiwe asiende kutafuta kitoweo?

Wa kwanza kuumia alikuwa Teofili, mhunzi aliyehamia kijijini kutoka upande wa Ndanda. Aliokota chuma kizito chenye ncha, akakipenda, akakibeba begani hadi kwake ili afulie majembe juu yake. Alipiga nyundo mara tatu tu. Jioni hiyo walizika kilichopatikana.

Kesho yake Awadhi alikwenda Nachingwea. Siku hizo mji ulikuwa vumbi na ngurumo, mashine zinang'oa miti usiku na mchana kwa ajili ya mashamba ya karanga. Aliingia ofisi aliyoelekezwa, akasimama wima kama alivyofundishwa. Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo mabomu umeyaona wapi?"

"Namtutwe, bwana."

"Ndani ya mawe meupe au nje?"

"Ndani."

"Ndani ya mawe meupe ni ardhi ya jeshi. Raia haruhusiwi. Wewe uliingia kufanya nini?"

"Kuangalia kilichomuua mwenzetu."

Karani alichovya kalamu katika wino, akaishikilia juu ya karatasi. "Nikiandika maneno yako, nimeandika kosa lako. Niandike?"

Awadhi aliitazama ncha ya kalamu. Karani akaiweka kalamu chini, akamwita aliyefuata.

Basi Awadhi akaifanya kazi mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali alikwenda Namtutwe, akatembea polepole macho chini, hatua kwa hatua. Alipoona bomu, hakulikaribia. Alirudi nyuma kidogo kwa nyayo zake, akalaza vijiti viwili vilivyopishana chini, akafunga ukanda wa gome la mti kwenye tawi lililo karibu, usawa wa kifua, ili mtu auone kwa mbali. Ijumaa, baada ya swala, aliwasimamisha watu nje ya msikiti.

"Ukiona vijiti vimepishana, usipite," aliwaambia. "Ukiona chuma kisicho na vijiti, simama hapohapo. Usikiguse, usikirushie jiwe kukijaribu. Geuka, rudi ulikokanyaga, kisha uniite. Na msichome nyasi kule. Moto unaliamsha bomu hata lililozikwa."

"Na dafina ya dhahabu je, tukiikuta?" alitania Jumaa, na watu wakacheka.

Jumaa alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Mwamini. Alikuwa mwindaji mwenye nyavu ndefu kuliko wote, na mtu wa maneno. Lakini Jumaa huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutii ukanda wa gome. Alimwacha paa aliyejeruhiwa afie ng'ambo ya vijiti, akarudi mikono mitupu, akalisimulia hilo kwa fahari. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyeumia Namtutwe. Mwindaji akipata paa, mguu mmoja unapelekwa kwa Awadhi bila kuombwa. Watu walisema, bora vijiti vya Awadhi kuliko kibao cha Wazungu.

Mwaka 1949 mvua hazikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa magotini, mtama ukatoa vichwa vitupu. Kufikia mwezi wa nane vijito vyote vilikuwa mchanga, na pale Namtutwe palibaki bwawa moja tu, chini ya mawe makubwa, lenye kina na kivuli. Kambale wote wa bonde walikuwa wamejikusanya humo. Usiku waligaragara mpaka maji yakachafuka kama uji.

Awadhi aliliona bwawa hilo kabla ya wengine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipita kila siku. Alikuwa na watoto wanne, mkubwa wao Sabaha, na mama mzee. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe achukue panga wafuatane.

Njiani alimwagiza akate vijiti. Mwamini alikata, akafunga mzigo. Walipofika bwawani, Awadhi alianza kuvipanga viwiliviwili kulizunguka bwawa, na kufunga magome kwenye matawi.

"Umeyaona wapi mabomu hapa, Baba Sabaha?" aliuliza Mwamini. "Mimi sioni kitu."

"Nimeyaona."

"Liko wapi hata moja?"

Awadhi aliinama akalaza vijiti vingine. "Kijiji kizima kikijua, maji haya ni ya siku tatu. Sisi peke yetu, tutafika masika. Chagua."

Mwamini alichagua. Akampa vijiti vilivyobaki.

Walivua alfajiri, kabla ya watu kuamka, kila siku ya tatu. Samaki waliwakausha kwa moshi hukohuko kwenye mapango ya mawe yale, wakala nusu, nusu wakawauzia vibarua wa mashamba ya karanga. Kijijini watu walichimba ming'oko na mizizi mingine ambayo wazee walikuwa wameisahau. Waliliona bwawa kwa mbali, wakayaona magome yakipepea, wakapita. "Hata pale yamejaa," walisema, wakamshukuru Mungu kwa kuwa na Awadhi.

Katika kumi la pili la Agosti, Mwamini alimtembelea wifi yake Zaina, mke wa Jumaa. Alimkuta amekaa mlangoni, mtoto wake wa mwisho kalala mapajani, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba. Zaina hakulalamika. Alimkaribisha maji. Mwamini alirudi nyumbani, akachukua kambale mmoja aliyevuliwa asubuhi ileile, akamfunga kwenye majani, akampelekea.

"Umempata wapi, wifi?"

"Nachingwea, sokoni."

Jumaa alirudi akamkuta mkewe anaosha samaki. Alimgeuza samaki yule, akamtazama tumbo, akampapasa mashavu. Samaki wa sokoni Nachingwea walikuwa wakavu kama gome. Huyu alikuwa laini, na matope yaliyokuwa bado kwenye mapezi yake yalikuwa ya manjano. Matope ya manjano yapo mahali pamoja tu.

Alikula pamoja na watoto wake, na alfajiri ya pili akamfuata shemeji yake.

Alimkuta Awadhi amesimama ndani ya bwawa, maji yamemfika kifuani, anainua mgono. Mwamini alikuwa ukingoni, miguu yake katikati ya vijiti viwili vilivyopishana.

"Shemeji," aliita Jumaa.

Awadhi aligeuka. "Usisogee! Mimi ninajua pa kukanyaga. Wewe hujui."

"Nionyeshe bomu moja."

"Jumaa, rudi nyuma."

Jumaa alikwenda mbele. Alivipiga teke vijiti vya kwanza, akasimama pale vilipokuwa. Akavipiga teke vya pili. Akachukua jembe la dada yake, akachimba pale mpaka jembe likazama hadi mpini. Udongo, changarawe, hakuna kingine. Akachimba pengine. Alikuwa akilia huku anachimba, na Mwamini hakuwahi kumwona kaka yake akilia tangu walipomzika baba yao.

"Mwanangu miguu inavimba," alisema. "Mimi ninapita hapa kila siku, ninayatazama magome yako, ninarudi nyumbani. Ninawaambia watoto, mume wa shangazi yenu anatulinda."

"Haya ya hapa ni ya uongo," alisema Awadhi. "Nimekosa. Lakini yale ya kwenye matete, upande wa machweo, yale ni ya kweli. Wallahi ni ya kweli."

"Wallahi ya leo au ya jana?"

Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa bwawani. Watu walivua kwa matenga, kwa shuka, kwa mikono. Waliokota vijiti wakavikokea moto palepale wakachoma samaki, wakala mpaka wengine wakatapika kwa kuwa matumbo yalikuwa yamesahau. Hakuna kilicholipuka. Bashiri, mtu mpole aliyekuwa akiadhini msikitini, alikwenda akasimama mbele ya nyumba ya Awadhi, akasema bila kupandisha sauti: "Tulikupa mguu wa kila mnyama. Ulitaka na roho zetu?"

Awadhi alikwenda kwenye matete siku hiyohiyo. Mle alikuwa ameweka alama tisa, na zote tisa zilikuwa za kweli. Akakuta zote zimeng'olewa. Magome yalikuwa yamechukuliwa kufungia samaki. Alizirudisha moja baada ya nyingine kwa kadiri alivyokumbuka, mpaka jua likazama. Asubuhi zilikuwa zimeng'olewa tena, na mtu alikuwa amejisaidia haja kubwa juu ya mojawapo.

Alijaribu kusema msikitini. Watu wakainuka wakavaa viatu vyao. Hapo akamwendea mkewe.

"Wewe ni damu yao. Wewe watakusikiliza."

Mwamini alikwenda kwa Zaina. Alimkuta akipepeta makapi.

"Wifi, yale ya bwawani yalikuwa uongo," alisema. "Nilikuwepo, mimi ndiye niliyekata vijiti. Lakini ya kwenye matete ni kweli. Nimeyaona kwa macho yangu, chuma kimetoka ardhini kama kichwa cha kobe. Mwambie kaka asiingie kule."

Zaina aliendelea kupepeta. "Ulipoyaona ya uongo, ulisema?"

Mwamini alianza kuokota makapi yaliyoruka ungoni.

"Basi na leo nyamaza," alisema Zaina. "Umezoea."

Bwawa lilikauka siku ya nne, kama Awadhi alivyokuwa amehesabu, kikabaki kidimbwi cha maji katikati. Njaa ikarudi. Jumaa akakusanya wanaume kumi na wawili kwenda kuwafurusha paa waliojificha kwenye matete. Ndiyo kazi aliyoijua tangu ujana: nyavu zinafungwa upande mmoja, moto unawashwa upande wa pili, wanyama wanakimbilia nyavuni.

Awadhi alipoona moshi, alikuwa juu ya paa la nyumba anaezeka. Aliruka chini. Alikimbia njia yote, na alipofika kwenye mawe meupe alikuwa hana pumzi ya kupiga kelele. Wanaume walimwona akija amenyoosha mikono, mdomo wazi.

"Anakuja kudai mguu wake," alisema mmoja wao, na wengine wakacheka.

Jumaa alikuwa amesimama kando ya nyavu, mkuki mkononi, na mdogo wake Amri alikuwa hatua ishirini nyuma yake. Moto ulikuwa umeshaingia katikati. Paa wawili walitoka wakaruka juu ya nyavu. Jumaa akageuka kuwatazama, na hapo ardhi ikapasuka.

Bomu la kwanza lilirusha matete na udongo juu kuliko miti. La pili lilifuata kabla vumbi halijatua, karibu zaidi na nyavu. Wanaume walilala chini, wengine wakakimbia ovyo. Bashiri alikaa kitako akijishika uso, damu inapita kati ya vidole. Jumaa hakuonekana.

Awadhi aliingia kwenye moshi. Amri alimwona akiingia, na baadaye alisema, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, kwamba hakukimbia. Alikwenda mashariki kidogo, akasimama, akakata kushoto, akaruka hatua mbili, kama mtu anayepita chumbani kwake gizani. Alitoka kwa njia ileile akiwa amembeba Jumaa mabegani. Nywele zake zilikuwa zimeungua. Zaidi ya hapo hakuwa na hata mchubuko.

Walitengeneza machela kwa nyavu, wakaelekea hospitali ya Nachingwea. Jumaa alikuwa amepasuka tumbo. Kwa saa nzima alikuwa na fahamu. Awadhi alishika mti wa mbele wa machela, na aliendelea kusema bila kugeuka, "Nilikuambia, shemeji, nilikuambia."

"Uliniambia," alisema Jumaa hatimaye. "Na mara ile ya kwanza pia uliniambia."

Hakusema tena. Walipokata barabara kubwa alikuwa ameshakufa, wakamgeuza wakarudi naye. Bashiri alifikishwa hospitali na wengine, akapona, lakini macho hayakurudi. Tangu hapo aliadhini akishikwa mkono.

Kwa kifo hicho serikali ikasikia. Wiki mbili baadaye afisa wa Kizungu alifika na askari wanne wa baruti na mkalimani. Aliuliza nani anayajua mabomu. Watu wakamtazama Awadhi, hakuna aliyenyoosha kidole. Awadhi akajitokeza mwenyewe. Aliwatangulia ndani ya majivu, akawaonyesha yote saba yaliyobaki, kila moja mahali pake. Askari wakayategea baruti na nyaya, wakayalipua. Kijiji kilikaa mbali kikihesabu milipuko: moja, mbili, mpaka saba. Hakuna hata moja iliyokosekana. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti, kisha wengine wakamfuata.

Afisa alimpa Awadhi mkono mbele ya watu. Mkalimani akapaza sauti: "Bwana anasema kila kijiji kingekuwa na mtu mwaminifu kama huyu, watu wasingekufa."

Amri alitema mate chini, akaondoka.

Awadhi alipewa barua yenye muhuri. Hakumwonyesha mtu. Mwamini aliikuta ndani ya koti lake la jeshi, akaitia jikoni chini ya chungu mbele ya macho yake. Awadhi aliitazama ikijikunja mpaka ikaisha.

Kabla ya kuondoka, askari walizungushia bonde senyenge. Bwawa likawa ndani. Kile kidimbwi cha maji kilichobaki, na kambale wa mwisho waliokuwa bado wakigaragara humo, watu waliwatazama kupitia nyaya. Aliyeingia angefungwa. Korongo walikuja kwa makundi, wakala wote kwa siku mbili.

Mwamini alikwenda kwa wazazi wa mama yake, kijiji cha Nkowe, akarudi na makopa ya muhogo kichwani. Hakufika kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Zaina, akautua mzigo mbele ya mlango. Zaina alikuwa bado katika eda. Alisimama ndani, kwenye kivuli.

"Nimeleta makopa, wifi."

"Nimeyaona."

"Nataka kukuambia..."

"Usiniambie kitu," alisema Zaina. "Ningekuwa peke yangu, ningekurushia yote hayo. Lakini wana wa kaka yako wana njaa. Weka hapo, uende."

Mwamini aliweka, akaenda. Mwezi uliofuata alileta tena, na Zaina akapokea tena, na hawakuzungumza. Mtoto yule wa mwisho alipona miguu. Alipoanza kukimbia, alikimbia hadi kwa shangazi yake, na mama yake akamrudisha kwa fimbo.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa makubwa. Maji yaliporomoka kutoka Namtutwe, yakafukua mabomu mengine yaliyokuwa yamezikwa bila mtu kuyaona na kuyasukuma nje ya senyenge, mpaka kwenye njia za watu na kando ya mashamba. Wazungu hawakurudi. Shughuli za karanga zilikuwa zimeanza kulegea, magari yanapungua, na hakuna ofisi iliyotaka kusikia habari za bonde moja.

Awadhi akaanza tena kutembea asubuhi. Safari hii alipolaza vijiti, watu hawakuviondoa, lakini hawakuviheshimu pia. Walisimama, wakatazamana, wakabishana. Mama mmoja alipita katikati na mtoto mgongoni kwa kuwa alikuwa na haraka. Alinusurika.

Siku iliyofuata Amri alimkuta Awadhi njiani akajiunga naye bila salamu. Alimfuata hatua kumi nyuma, akikanyaga alipokanyaga. Awadhi aliposimama na kuonyesha kwa kidole, Amri alisogea kidogo, akachuchumaa, akatazama chuma kile mpaka akaridhika. Akamwomba vijiti kwa kunyoosha mkono. Akavipishanisha mwenyewe, akafunga gome mwenyewe. Jioni aliwaambia watu, "Pale kuna bomu. Nimeliona mimi." Hakuna aliyepita pale.

Ikawa hivyo. Miaka sita walitembea pamoja kila asubuhi baada ya mvua, mwenye kujua mbele na mwenye kuaminiwa nyuma, na hakuna mtu mwingine aliyekufa. Awadhi alijaribu mara nyingi kuzungumza njiani: habari za mvua, habari za korosho, mara moja habari za Jumaa. Amri hakujibu. Neno lake lilikuwa moja tu, kila walipofika kwenye chuma, na Awadhi alilisubiri akiwa amempa mgongo.

"Nimeona," angesema Amri. "Leta vijiti."